Dada, Gari Langu Linatetemeka Asubuhi



Kuna swali limekuwa likinijia kwa sura tofauti, na leo nalijibu kwa wote. Mwenye Prius ananiambia, "Dada, nikiwasha asubuhi gari linatetemeka na kugongagonga, halafu linatulia. Nikilipeleka gereji mchana, fundi haoni kitu." Mwingine anaongeza maji ya rejeta kila baada ya wiki chache, lakini chini ya gari hakuna hata tone. Na yupo aliyekwisha kuambiwa kuwa hedi gasketi imeungua. Anataka kujua kama ni kweli au anatafutwa hela.

Anayenunua gari la haibridi hupewa habari za betri tu. Betri kubwa imechoka kiasi gani, feni yake inazunguka, seli zake ziko sawa. Ni maswali ya maana, yaulizeni. Lakini chini ya boneti bado mna injini ya petroli, nayo ina mahitaji yake. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka mwaka 2009 hadi 2015 na injini ya lita 1.8, wengi wamelizwa na injini hiyo wakati betri yao ikiwa bado nzima. Injini hiyo hiyo imo kwenye Lexus CT200h. Aqua, na zile Axio na Fielder za haibridi za mwaka 2013 na kuendelea, zina injini ndogo zaidi ya lita 1.5, lakini nazo zina mfumo ninaotaka tuuzungumze leo: EGR, yaani mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini.

Najua mtashangaa. Moshi urudi ndani kufanya nini? Moshi uliokwisha kuungua hauna oksijeni ya kutosha kuchoma petroli tena. Ukichanganywa kwa kipimo na hewa mpya, unapunguza joto la mlipuko ndani ya silinda. Joto likishuka, oksidi za nitrojeni zinazochafua hewa nazo zinapungua, injini haigongi ovyo, na inahitaji nguvu pungufu kuvuta hewa. Hiyo ni sababu mojawapo ya magari haya kwenda mbali kwa petroli kidogo. Kwa hiyo EGR si pambo la wazungu wa mazingira, na si kitu cha kung'oa. Injini imepangwa ifanye kazi pamoja nayo.

Sasa fuateni njia yenyewe, kwa sababu mkivijua vitu hivi kwa majina hamtazungushwa gereji. Moshi unatoka kwenye ekzosi na kuingia kwenye kipozeo cha EGR. Kipozeo ni kisanduku cha chuma kilichojificha nyuma ya injini, upande wa ukuta unaoitenga injini na mnapokaa. Ndani yake mna njia nyembamba sana za moshi, zimezungukwa na maji ya rejeta ili moshi upoe. Kuna vali ya EGR, inayofunguliwa na kufungwa na mota ndogo ya umeme kwa amri ya kompyuta. Kuna bomba. Mwisho moshi unafika kwenye manifoldi ya hewa, lile tumbo jeusi la plastiki, ambamo kuna vitundu vidogo vinne, kila silinda na chake.

Moshi huo una masizi. Na kwenye manifoldi hiyo hiyo unaingia pia mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini kupitia vali ndogo iitwayo PCV. Masizi yakikutana na mafuta yanakuwa gundi nyeusi. Kipozeo nacho kinajaa taratibu, kama chujio la chai lisilokung'utwa. Safari fupi fupi zinazidisha tabu, maana injini ya haibridi huwashwa na kuzimwa mara nyingi, na mara nyingine inafika nyumbani haijapata moto wake kamili.

Hapa ndipo pananiuma. Kipozeo kinaziba polepole na gari linaendelea kwenda vizuri. Mnaweza kutembea na kipozeo kilichoziba zaidi ya nusu na taa ya injini isiwake. Wakati huo huo vile vitundu vinne vya manifoldi haviwi sawa: kimoja kimeziba kabisa, kingine kinapitisha. Silinda inayonyimwa moshi uliopozwa inaungua kwa joto zaidi kuliko wenzake. Mafundi wengi wanaozifungua injini hizi za 1.8 wanahusisha hali hiyo na kuungua kwa hedi gasketi, na mara nyingi wanakuta imeachia kati ya silinda ya kwanza na ya pili. Wakifungua hedi, wanakuta kipozeo nacho kimejaa. Nimekaa na mafundi wa aina hiyo vya kutosha kuamini kwamba kusafisha mapema ni matumizi ya hela yenye akili.

Ule mtetemeko wa asubuhi unatoka wapi? Gari likizimwa jioni, mfumo wa maji bado una presha. Hedi gasketi ikiwa na mwanya hata mdogo, maji yanapenya usiku kucha na kuingia kwenye silinda. Asubuhi silinda yenye maji haiwaki, injini inamisi na kutikisika, mpaka maji yatoke kama mvuke kwenye ekzosi. Baada ya hapo inatulia, na mchana fundi hakuti kitu, kwa kuwa injini ina moto tayari. Msiizoee hali hiyo. Maji hayakandamiziki. Yakizidi ndani ya silinda, pistoni ikipanda inaweza kupinda mkono wake, na hapo hatuzungumzii tena gasketi, tunazungumzia injini nyingine.

Jambo jingine: dashibodi ya Prius haina mshale wa joto la injini. Ina taa tu, na taa huja mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa hiyo fungueni boneti wenyewe, asubuhi, gari likiwa limepoa. Kuna matangi mawili ya plastiki yenye kulanti, yaani maji ya rejeta: moja la injini, jingine la inveta. Mwambieni fundi awaonyeshe kila moja, mpige picha kwa simu. Weka alama ya kalamu kwenye kiwango cha tangi la injini. Likishuka bila kuvuja nje, maji hayo yanaenda mahali. Na msikubali kijana wa kituo cha mafuta awaongezee maji ya bomba. Tumieni kulanti inayotakiwa na gari lenu.

Nunua pia kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Kitakuonyesha joto la maji na misimbo iliyojificha. Si ghali, na kwa gari lisilo na mshale wa joto mimi naona ni lazima.

Sasa, kutetemeka asubuhi hakumaanishi hedi gasketi moja kwa moja. Koili iliyochoka hufanya hivyo, na plagi pia. Ndiyo maana nasisitiza vipimo kabla ya kufungua kitu. Gari lipimwe kwenye kompyuta. Misimbo ya P0300 hadi P0304 inasema kuna silinda inayomisi, na tarakimu ya mwisho, kuanzia moja, inataja ni ipi. P0401 inasema moshi wa EGR haupiti vya kutosha. Fundi mwenye mashine inayozielewa Toyota anaweza kuiamuru vali ya EGR ifunguke injini ikiwa inanguruma taratibu. Injini ikianza kuyumba na kutaka kuzima, moshi unapita. Isipobadilika chochote, kuna mahali pameziba. Kwa hedi gasketi, mfumo wa maji unatiwa presha kwa pampu ya mkono na kuachwa kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, kisha plagi zinatolewa na kamera ndogo inaingizwa kuangalia kama juu ya pistoni kuna maji. Fundi anayesema "hedi imeungua" bila kufanya hata kimoja kati ya hivyo, mshukuru na uondoke.

Kwa aliyeniandikia kuhusu hedi: kama vipimo vimeonyesha maji kwenye silinda, basi ni kweli, mdogo wangu, na kusafisha EGR pekee hakutakuponya. Wala usidanganywe na zile dawa za chupa za kuziba uvujaji. Zinaweza kuziba na njia nyembamba za rejeta. Ila nakuomba hili: hedi ikifunguliwa, kipozeo na manifoldi visafishwe siku hiyo hiyo au kipozeo kibadilishwe. Kuweka gasketi mpya huku umeacha kipozeo kilichoziba ni kuijengea injini njia ya kurudi palepale. Hedi yenyewe ipelekwe kupimwa kama imepinda kabla haijarudishwa.

Haya, kusafisha kwenyewe. Wenye mikono na vifaa mnaweza, na wengine mtampa fundi, lakini wote mjue kinachofanyika.

Usalama kwanza. Gari la haibridi likiwa kimya halimaanishi limezimwa. Taa ya READY ikiwa bado inawaka, injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati mkono wako uko ndani. Zima kabisa, peleka ufunguo mbali na gari, kisha toa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye Prius hii iko nyuma kwenye buti. Nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa unaoua, usiziguse, usizisogeze. Kazi hii haihitaji kuzifungua, lakini inafanyika jirani nazo. Fundi asiyejua plagi ya usalama ya betri kubwa iko wapi, na kwamba ikishatolewa anasubiri angalau dakika kumi kabla ya kugusa viungio vya inveta, huyo si fundi wa haibridi, hata kama ameitengeneza Corolla ya baba yako miaka ishirini.

Kufika kwenye kipozeo kunataka subira. Mikono ya waipa inatolewa, mota yake inatolewa, na lile sinia lililo chini ya kioo linatolewa ili nyuma ya injini paonekane. Maji ya rejeta yanapunguzwa, kwa kuwa kipozeo kina mipira miwili ya maji. Injini iwe imepoa, jamani. Kulanti ya moto inababua. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kabla. Kazi ikifanywa kwa utulivu inakula sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo anayekwambia "nusu saa tu, dada" amepanga kupulizia sprei mbele na kukurudishia gari.

Kipozeo kikiwa mezani, mimina maji upande mmoja. Kisafi kinayaachia papo hapo. Kilichoziba kinajaa, kisha kinadondosha matone. Omba ulione hilo kwa macho yako kabla hakijasafishwa, na uombe tena baada ya kusafishwa. Hicho ndicho kipimo cha kazi yote, na hakihitaji elimu ya ufundi.

Cha kukisafishia ni maji ya moto na unga wa kuondoa madoa wenye oksijeni, ule wa nguo, au dawa ya kuondoa grisi inayokubalika kwa chuma na alumini. Kiloweke, kimwage, kirudie, hata usiku mzima kama kimeganda sana. Unga huo ukiingia kwenye maji ya moto unatoa gesi, kwa hiyo usizibe matundu yote mawili ukauacha ndani, utaruka machoni. Vaa glavu na miwani. Usichokonoe ndani kwa waya, kwa maana mapezi ya ndani ni membamba, na ukiyatoboa maji ya rejeta yataingia kwenye njia ya moshi. Kipozeo kinachovuja kinakula maji vilevile kama hedi gasketi iliyoungua, kwa hiyo kipimwe kwa presha kabla hakijarudi. Magadi makali ya kuzibua mabomba ya choo hapana, yanakula alumini. Petroli nayo hapana, nimekwisha kuona ndoo ya petroli ikiwekwa karibu na mtu anayekata chuma kwa mashine, na sitaki kuona tena.

Vali ya EGR isilowekwe. Ina mota ya umeme kichwani. Inageuzwa mota ikiwa juu, upande wa moshi unapuliziwa dawa ya kabureta kidogo kidogo, unasuguliwa kwa brashi laini na kufutwa.

Manifoldi ni plastiki, kwa hiyo moto na asidi vikae mbali. Vile vitundu vinne vinazibuliwa kimoja kimoja. Brashi ndogo ya kusafishia mrija wa chupa ya mtoto inaingia vizuri kuliko vifaa vingi vya gereji. Suuza, puliza kwa kompresa, acha ikauke kabisa. Manifoldi ikiwa nje, ile vali ya PCV inafikika kwa urahisi. Ni spea ya bei ndogo, badilisha tu, usiisafishe. Safisha na throto. Sensa ya hewa inayoingia ina dawa yake maalumu, na dawa ya kabureta inaiua.

Gasketi za chuma za EGR ziwe mpya. Hapa ndipo watu wanabana hela, wanarudisha za zamani zilizokwisha kujipinda, moshi unavuja nyuma ya injini na wanaanza kutafuta harufu inatoka wapi. Na nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa hasira.

Kuna mambo mawili mtakayoshauriwa njiani. La kwanza ni kuziba EGR kwa kipande cha bati. Limezoeleka kwa magari ya dizeli, na fundi atakwambia litakuondolea tabu milele. Kwa haibridi ya petroli usikubali. Utakuwa umeondoa ule moshi unaoshusha joto, kwenye injini ambayo mgandamizo wake ni 13 kwa 1, na kompyuta itawasha taa ya injini kwa msimbo wa P0401. La pili ni sprei ya kusafisha bila kufungua. Inaweza kulainisha uchafu wa kwenye throto, lakini haifiki kwenye kipozeo, ambako ndiko tatizo liliko.

Mara ngapi? Ushauri wangu ni kukifungua kipozeo kila kilomita 80,000 hivi, na manifoldi mapema zaidi kidogo kama gari linafanya kazi ya teksi mjini au linalala kwenye foleni kila siku. Usisubiri taa. Wapo wanaofunga kikopo cha kunasa mvuke wa oili kabla haujafika kwenye manifoldi. Kinasaidia, mradi ukumbuke kukimwaga. Oili ibadilishwe kwa wakati na iwe nyepesi ya 0W-20 kama kitabu cha gari kinavyotaka, na mchomoe kile kijiti cha kupimia kila mnapojaza mafuta. Injini inayokula oili inaziba EGR haraka.

Kwa mnaonunua sasa. Kenya gari lenye zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo Prius za kizazi hiki zilizopo huko zimekwisha kukaa na mtu, pengine na watu wawili watatu. Tanzania nako nyingi zina miaka mingi barabarani. Kilomita za dashibodi zisikutulize; linganisha na karatasi ya mnada ya Japani kama muuzaji anayo. Nenda kuliona gari asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ina joto, ahirisha. Washa mwenyewe, usikilize dakika ya kwanza, uangalie tangi la maji. Muulize kipozeo cha EGR kilisafishwa lini. Akikutolea macho, chukulia hakijawahi kuguswa, na utoe gharama hiyo kwenye bei.

Baada ya kusafisha, maji yajazwe na hewa itolewe vizuri, kwani pampu ya maji ya magari haya ni ya umeme na hewa ikibaki ndani injini inachemka upesi. Siku za kwanza ngurumo ya injini ikiwa imetulia inaweza kupanda na kushuka kidogo hadi kompyuta ijifunze upya throto iliyosafishwa. Tangi la maji laweza kushuka mara moja hewa iliyobaki ikitoka. Ongeza asubuhi gari likiwa limepoa, weka alama mpya. Likiendelea kushuka wiki inayofuata, usiongeze tena. Lirudishe gari kwa fundi siku hiyo, na mwambie atie presha aliache hadi kesho yake.